Akaunti Moja kwa Kila Mtu Haitatuponya na Matapeli

Kila matusi yanapomwandama mtu mtandaoni, au kura za shindano zinapogundulika kuwa zimejazwa na majina ya watu wasiokuwepo, hutolewa dawa ileile: kila mtu awe na akaunti moja tu, na akaunti hiyo ifungwe kwenye kitambulisho chake. Naisikia kwa viongozi, kwa wazazi, kwa waandishi wenzangu, kwa watu ninaowaheshimu. Wanaamini kwamba mtu akinyimwa jina la pili atalazimika kuwa muungwana kwa jina la kwanza. Siamini hivyo. Dawa hiyo imekwisha kunywewa, hapa na kwingineko, na aliyedhurika si yule iliyemlenga.

Tanzania tumeinywa kwenye simu. Januari 20, 2020 ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kusajili laini kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, NIDA. Zilizobaki zikaanza kuzimwa. Watu walipanga foleni tangu alfajiri, wazee kwa vijana, tukiahidiwa kwamba tapeli atakosa pa kujificha. Tangu wakati huo, nani kati yetu hajapokea ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii"? Tapeli hakuzuiwa na kidole kwa sababu hatumii kidole chake. Anatumia cha mama aliyekwenda kwa wakala chini ya mwavuli kusajili laini, akaambiwa alama haijasoma, weka tena, naye akaweka tena, na laini ya pili ikapatikana kwa jina lake bila yeye kujua. Ndiyo maana leo tunahimizwa kubonyeza *106# tukague ni namba ngapi zinaishi kwa majina yetu. Siku polisi wanapofuatilia wizi, mlango wa kwanza kubishwa ni wa yule mama.

Korea Kusini walikwenda mbali zaidi, na kila anayetaka tuwaige anapaswa kukijua kisa chao mpaka mwisho. Mwaka 2007 serikali ilizilazimisha tovuti kubwa kuhakiki jina halisi la kila anayetaka kuandika chochote, kwa namba ya usajili wa mkazi, ambayo ndani yake imo tarehe ya kuzaliwa na jinsia. Mwanzoni sheria iligusa tovuti zenye wageni 300,000 kwa siku. Mwaka 2009 kiwango kikashushwa hadi 100,000. Mwaka huohuo YouTube ikakataa kuhakiki watu, ikafunga upakiaji wa video na utoaji wa maoni kwa waliojiandikisha kama watumiaji wa Korea, nao wakabadilisha nchi kwenye mipangilio yao na kuendelea na shughuli. Wakati huo kampuni za ndani zilikuwa zimelundika siri za karibu taifa zima. Julai 2011 wadukuzi wakaingia kwenye tovuti za Nate na Cyworld, wakaondoka na taarifa za watumiaji wapatao milioni 35, katika nchi yenye watu milioni 50 hivi. Agosti 2012 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria kwa kauli moja: ilikuwa imebana uhuru wa kusema, na hapakuwa na ushahidi kwamba maandishi haramu yamepungua kwa kiasi cha maana. Nenosiri likiibwa unabadilisha. Tarehe yako ya kuzaliwa utabadilisha na nini?

Kosa la imani hii liko kwenye msingi wake. Kompyuta haimwoni mtu. Inaona namba ya simu, barua pepe, kifaa na anwani ya intaneti, na kila kimoja kinaweza kutumiwa na wengi, au mtu mmoja akawa navyo kumi. Mwaka 2002 mtafiti wa Microsoft, John Douceur, alionyesha kwamba, katika hali halisi, mfumo usio na mamlaka kuu ya kuthibitisha watu hauwezi kumzuia mmoja kujifanya wengi. Kwa hiyo watetezi wa akaunti moja wamebakiwa na njia mbili: kukabidhi vitambulisho vyetu kwa mamlaka, au kubahatisha.

Kubahatisha nako kuna wahanga wake. Januari 2007 Wikipedia ilifungia anwani moja ya intaneti kwa sababu ya uharibifu uliokuwa ukitoka huko. Kumbe karibu intaneti yote ya Qatar ilikuwa ikipitia anwani hiyohiyo, na kwa saa kadhaa nchi nzima ikashindwa kufungua akaunti mpya au kuhariri bila akaunti. Mitandao ya simu inafanya hivyo hadi leo: wateja wengi hupangwa nyuma ya anwani moja, maana anwani za mfumo wa zamani zimekwisha. Fikiria nyumba ya Mbagala yenye simu janja moja, ya dada mkubwa, na wadogo zake watatu wanapokezana kusomea. Kwa mashine, hao wanne ni mtu mmoja mwenye akaunti nne, basi ni mdanganyifu. Na kijana mwenye laini za Vodacom, Airtel na Halotel, anayehama akifuata bando la bei nafuu, anahesabiwa kuwa watu watatu waaminifu. Kanuni inayokosea pande zote mbili namna hii haiwezi kuitwa ulinzi.

Kinachoniuma zaidi ni jinsi tunavyozungumza kana kwamba jina la pili ni dalili ya hatia. Muuguzi anayeuliza kuhusu ugonjwa wake mwenyewe hataki swali lake lisimame kando ya jina analovaa kifuani akiwa wodini. Mwanamke aliyekimbia ndoa ya kipigo anataka kuongea na dada zake bila mume kujua anakoishi. Mhasibu aliyeona vitabu vimepikwa hawezi kuyasema kwa akaunti ambayo bosi wake anaifuata. Desemba 2016 Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums, alikamatwa, akashtakiwa, pamoja na mengine, kwa kutowapa polisi taarifa za watumiaji walioandika kwa majina ya kubuni. Aprili 2020 Mahakama ya Kisutu ilimtia hatiani katika mojawapo ya kesi hizo na kumtoza faini ya shilingi milioni 3. Aliwalinda watu wake kwa gharama yake mwenyewe. Majina yote yakiunganishwa na NIDA, hatutahitaji tena mtu wa kukataa, kwa sababu hatakuwa na cha kukataa.

Sisemi akaunti nyingi hazina madhara. Mwaka 2015 Wikipedia ilifungia akaunti 381 za genge moja lililokuwa likiwatoza watu na wafanyabiashara fedha ili makala zao zichapishwe na zisifutwe. Huo ni unyang'anyi. Lakini walinaswa kwa matendo yao: wahariri walifuata nyayo za kazi zao, wakaona akaunti moja inaandika na nyingine inapitisha. Wikipedia hiyohiyo inaruhusu akaunti ya pili kwa sababu halali, kwa mfano kutumia kompyuta za watu wote. Inachokataza ni kuzitumia mbili ili mtu mmoja aonekane umati. Na wenye fedha hawababaishwi na vitambulisho. Hati ya mashtaka iliyotolewa Marekani Februari 2018 dhidi ya Warusi 13 na taasisi tatu ilieleza jinsi walivyotumia taarifa zilizoibwa za Wamarekani halisi kufungua akaunti za malipo.

Tubane tendo, basi. Anayeendesha shindano asihesabu kura za akaunti zilizofunguliwa wiki hiyo. Duka la mtandaoni lipokee sifa na lawama kutoka kwa aliyenunua tu. Wakala anayesajili laini ya pili kwa kidole cha mteja afikishwe mahakamani, na kampuni iliyompa kazi iwajibike naye. Matusi na vitisho tunavyoripoti visomwe na watu wanaojua Kiswahili, pamoja na cha mitaani, badala ya mashine isiyoelewa tulichotukanwa. Na wanaodai namba ya NIDA kabla mtu hajaandika neno wabanwe na sheria tuliyo nayo tayari: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa zinazokusanywa zilingane na lengo la kuzikusanya. Mtu anayetaka kusema sukari imepanda bei hana sababu ya kutoa namba hiyo, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inapaswa kulitamka hilo hadharani, kwa maandishi, kabla tovuti nyingine haijaanza kuzikusanya.