Diski Kuukuu Haijafa, Wala Haijafutika

Mjini Uvira hatutupi kompyuta. Nyingi zinaingia kwa mpaka wa Kavimvira zikiwa zimeshatumika kwingine, zinatumikia duka la kuchapa na kufotokopi mpaka skrini ife, kisha diski inachomolewa, inavishwa kasha la USB na kupewa kazi ya uzeeni: kutunza nakala. Desturi hiyo naipenda; mimi mwenyewe ninazo mbili. Nisiyoyapenda ni maneno yanayoandamana nayo.

“Ukishaiformati, hakuna kilichobaki.” Hili ndilo linalodhuru zaidi. Formati ya haraka huchana orodha ya yaliyomo tu. Kurasa zenyewe zinabaki, na programu ya bure ya kufufua mafaili itazisoma. Watafiti Simson Garfinkel na Abhi Shelat walinunua diski 158 zilizotumika, huko Marekani, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2003. Katika 129 zilizofanya kazi, 12 tu ndizo zilikuwa zimesafishwa sawasawa. Kwenye nyingine zilikutwa namba za kadi za benki zaidi ya 5,000. Sasa fikiria diski ya duka la kuchapa: vyeti vya shule, hati za viwanja, picha za pasipoti za mtaa mzima. Kwenye Windows, amri ya “clean” ndani ya diskpart hufuta jedwali la sehemu (partition) za diski na kuacha data palepale. “Clean all” ndiyo inayoandika sifuri kila sekta. Kabla ya kubonyeza, hesabu tena namba ya diski. Amri hiyo haitakuuliza kama una hakika.

“Basi ifute mara 35.” Idadi hiyo inatoka kwa mtafiti Peter Gutmann, aliyeandika mwaka 1996 na kukusanya pamoja mbinu za aina zote za diski za enzi ile. Mwenyewe alikuja kueleza kwamba hakuna diski moja inayozihitaji zote. Kwa diski ya sumaku, mara moja inatosha. Diski ya GB 500 kwenye tundu la USB 2 itachukua kama saa nne, nanyi mnaujua umeme wetu. Ukikatika katikati, anza upya. Hakuna ulichopoteza, maana ulikuwa unafuta. Hatari iko kwa anayepunguza au kupanua sehemu yenye mafaili ndani wakati umeme unacheza. Zile zisizo na sahani inayozunguka, SSD, zina amri yao ya kujisafisha. Kuziandikia sifuri hakufiki kila pembe.

“Inawaka, haipigi kelele, ni nzima.” Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000. Diski iliyoonyesha kosa lake la kwanza la kusoma uso wa sahani ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60. Lakini zaidi ya theluthi ya zilizokufa hazikuwa zimetoa dalili yoyote kwenye SMART, ripoti ya diski kuhusu afya yake. Kwa hiyo soma ripoti hiyo kabla na baada ya kuandika sifuri: ikiwa sekta mbovu zilizohamishwa zimeongezeka, diski hiyo ni ya kufungulia watoto waone sumaku. Ikiwa hazikuongezeka, bado usiiachie nakala pekee.

“Igawe sehemu mbili: kazi huku, nakala huku.” Papa mmoja wa studio ya picha aliniambia hivi kwa fahari, video zote za arusi zikiwa kwenye D na “akiba” yake kwenye E. Ni vyumba viwili chini ya bati moja. Sahani ni zilezile, injini ileile. Ikigoma, D na E zinaondoka pamoja. Kwa nakala, mimi nafanya sehemu moja tu. FAT32 haipokei faili la GB 4 na zaidi, arusi itakwama hapo. exFAT inasomeka karibu kila mashini, ila haina daftari la kujirekebisha umeme ukikatika ghafla, kwa hiyo hapa kwetu nachagua NTFS.

“Nakala iko nyumbani, kabatini.” Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulitoka kwenye mkondo wake, ukabeba nyumba na watu. Halafu ziwa nalo likapanda, likaingia majumbani Kavimvira mpaka Kalundu. Mji huu umebanwa kati ya milima na maji: kabati na kompyuta katika chumba kimoja vinalowa siku moja. Diski yangu ya pili inakaa Bukavu kwa shangazi, ndani ya plastiki mbili, tarehe imeandikwa juu, na kila miezi mitatu inabadilishana zamu na mwenzake. Shangazi hana kompyuta. Ndiyo sababu nilichagua kwake.