Haki Ipo, Fedha za Matunzo Ziko Wapi?

Mapema mwaka 2013, mwanamke mmoja nchini India aliondoka nyumbani kwa mumewe muda mfupi baada ya kujifungua mtoto wa kiume. Septemba mwaka huohuo akaomba matunzo. Mahakama ya familia ya Nagpur iliamuru alipwe rupia 15,000 kwa mwezi, lakini mume akapinga amri hiyo hadi Mahakama ya Juu. Uamuzi ulitoka Novemba 4, 2020. Ombi la fedha za kujikimu, ambalo sheria inataka liamuliwe ndani ya siku 60 inapowezekana, lilikula miaka saba.

Sheria haijakosekana. Sheria ya Ndoa ya Wahindu ya 1955 inamruhusu mwanandoa yeyote, mke au mume, kuomba matunzo kesi ikiendelea na hata baada ya talaka. Sheria ya mwaka uliofuata inamruhusu mke aliyetelekezwa au kutendewa ukatili kuishi kwake na bado atunzwe.

Hata hivyo sheria hiyo ya 1956 ina ncha mbili. Mume akiacha Uhindu, mke anaweza kuishi mbali naye bila kupoteza matunzo. Mke akiuacha yeye, haki yake chini ya sheria hiyo inakatika. Kwa mwanamke aliyetumia miaka kumi jikoni kwa mumewe bila mshahara, hilo ni dhuluma. Kazi aliyoifanya haifutiki kwa kubadili dini. Bahati njema, bado anaweza kupitia sheria ya mwenendo wa jinai, isiyouliza mtu anaabudu wapi.

Wanaume wengi wanalalamika kwamba wake wenye elimu na kazi hutaja mahitaji makubwa kupita kiasi. Lalamiko hilo lisipuuzwe. Lakini wapo pia waume ambao kipato chao hunywea ghafla mara tu wanapopokea hati ya kuitwa mahakamani: biashara inageuka kuwa ya kaka, gari linageuka kuwa la rafiki.

Hukumu ya 2020, iliyoandikwa na Jaji Indu Malhotra, ilizijibu pande zote mbili. Kila upande ujaze hati ya kiapo ya mali na madeni: mshahara, akaunti za benki, kodi ya nyumba, ada ya shule, dawa. Na matunzo yahesabiwe tangu siku ombi lilipowasilishwa, ili mume asifaidike kwa kuvuta muda.

Kilichobaki ni mahakimu wa chini kuisimamia hukumu hiyo bila huruma kwa wanaochelewesha. Kiapo kisipoletwa, hakimu aamue kwa ushahidi alionao. Malimbikizo yasipolipwa, mshahara ukamatwe. Mtoto yule wa 2013 alikuwa mchanga mama yake alipoomba. Mahakama ya Juu ilipoamua, alikuwa na umri wa kubeba mkoba wa shule.