Mayai ya Pasaka na Hesabu za Mtoto

Mzazi, msimu huu wa Pasaka utauziwa karatasi zilizochapwa mayai ya kupaka rangi na nambari za kufuatisha. Si mbaya. Lakini mtoto wa miaka minne anayeimba moja hadi ishirini huenda bado hajui kuhesabu. Mkatie mayai matano ya karatasi, ayaguse moja moja akitaja nambari, kisha umwulize, "Ni mangapi?" Akianza kuhesabu upya badala ya kujibu, bado anaimba. Usimkaripie.

Trei tupu ya mayai, yenye vishimo 30, itamfaa kuliko hizo karatasi za kununua: kila kishimo yai moja.

Ninachopinga ni kuhesabia maharagwe, njugu au shanga mahali penye mdogo wake asiyetimiza miaka mitatu. Huyo kila kitu hutia kinywani, na haragwe likinasa katika njia ya hewa hufura kwa unyevu. Akipaliwa akashindwa kulia wala kukohoa, mwinamishe umpige kwa kiganja katikati ya mabega mara tano, huku jirani akitafuta gari la kwenda hospitali. Usimchokore kooni kwa kidole ukitafuta kitu usichokiona. Utakisukuma ndani zaidi.