Mzee hakuwa amelala

Na Ghati Mwita

Jumamosi nilikuwa harusini Mugumu. Mzee mpiga litungu, aliyeletwa kutoka upande wa Tarime, alikaa kwenye kigoda, ala yake mbele yake, macho kayafumba. Vidole vyake vilitembea gotini taratibu, kimoja kimoja, midomo ikimchezacheza. Mshereheshaji alivumilia dakika mbili. Ya tatu akanyakua kipaza sauti: "Babu kasinzia, jamani!" Watu wakaangua kicheko. Flashi ikachomekwa, spika zikanguruma, mzee akafumbua macho.

Mimi sikucheka, na hadi leo sijapoa. Mnaonisoma kila wiki mnaujua ugomvi wangu na spika za harusini. Safari hii spika nimeziacha. Kosa ni la anayedhani mtu akinyamaza hafanyi kazi.

Mzee yule alikuwa anapiga! Mwaka 1995 mtafiti wa ubongo Alvaro Pascual-Leone na wenzake walichapisha utafiti wa watu waliofundishwa zoezi la vidole vitano kwenye piano, saa mbili kila siku kwa siku tano. Kundi moja lilibonyeza vibao. Jingine lilikaa mbele ya piano likapiga kwa kuwaza tu, vidole vimetulia tuli. Sehemu ya ubongo inayoamuru vidole ilibadilika kwa makundi yote mawili. Waliowaza walibaki nyuma kidogo, lakini saa mbili tu za kubonyeza ziliwatosha kuwafikia wenzao. Tena anayewaza wimbo huamsha hata sehemu za ubongo zinazoshughulikia sauti, ingawa sikioni hakujaingia kitu.

Mjomba wangu kule Nyamwaga alikuwa akitufukuza watoto uani kabla hajagusa uzi. Tuliuita ukali. Kumbe nyuzi nane zile zilikuwa zimeshaanza kulia kichwani mwake, pamoja na majina ya ukoo aliotakiwa kuusifu, na sisi tulikuwa tunamvuruga.

Mzee wa Mugumu alipewa nafasi baada ya keki, nusu ya watu wameshaondoka. Alipiga wimbo mmoja, akafunga litungu lake. "Mura, ungeningoja," alimwambia mshereheshaji, bila hasira.

Hasira nimebaki nayo mimi. Washereheshaji wa Tarime na Serengeti, mkimwona mzee kafumba macho na vidole vinatembea gotini, zimeni spika. Ameshaanza.