Kizuri Hakijiuzi: Fanyeni Mazoezi Kabla ya Kuitwa na Kamati

Ndugu wakulima na wafanyabiashara wa vijijini,

Kuna methali inayotuponza: "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Ninaisikia kila kikundi kinapoitwa kutetea andiko lake mbele ya kamati ya mikopo ya halmashauri. "Bwana shamba, kazi yetu inajulikana, tutaongea tu." Siku ikifika wanaongea tu kweli, wanarudi mikono mitupu. Kisha yanaanza maneno: fedha zile zina wenyewe.

Sisemi upendeleo haupo. Lakini vikundi vingi nilivyoviona vikikwama vilikwama kwenye maswali ya kawaida kabisa. Mwenyekiti anaulizwa gunia moja la alizeti linawapa lita ngapi za mafuta. Anamtazama katibu. Katibu anamtazama mhazini. Mhazini ameacha daftari nyumbani. Hapo nani kawaonea?

Sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Fungu ni dogo, waombaji ni wengi. Kamati haikai shambani kwenu msimu mzima ione mnavyojituma. Inawapima kwa dakika chache mtakazopewa.

Ugonjwa mwingine ni risala. Tumezoea kusoma karatasi mbele ya mgeni rasmi, na wako maafisa wenzangu wanaowaandikia wakulima kila neno. Huko ni kuwafunga midomo, maana risala haijibu swali. Kukariri nako si mazoezi. Ukikatizwa katikati, hujui pa kuendelea.

Mazoezi ni haya:

1. Semeni kwa sauti, mkiwa mmesimama. Ulichosoma kimoyomoyo ukadhani unakijua, mdomo utakukatalia.

2. Tumieni saa. Mkipewa dakika 10, jipangieni 8. Anzeni na mnachoomba: kiasi gani, cha kununua nini, mtarejesha vipi na lini. Historia ya kikundi, sentensi mbili zinatosha.

3. Mtafuteni mbishi. Kila kijiji kina mtu anayepinga kila jambo mkutanoni. Mpeni kazi ya kuuliza: mvua ikikata je? Bei ikishuka je? Swali lililowashinda, rudini nalo kwenye daftari.

4. Andaeni wasemaji wawili, kwani mmoja anaweza kuugua. Asimame anayeijua kazi na hesabu, si mwenye cheo. Na kina mama, acheni kukodi mwanaume wa kuwasemea.

Wengine wanasema, "Mnunuzi tutaongea naye kwa video, kwa hiyo hakuna haja ya mazoezi." Ni kinyume chake! Ana kwa ana unamwona mtu usoni kama amekuelewa. Kwenye simu dalili hiyo ni hafifu, na sauti inakatika. Basi jaribuni siku moja kabla, mahali palepale na saa ileile, maana mtandao wa asubuhi si wa jioni. Mwenzenu akae nyumba nyingine apokee simu, awaambie anachosikia na anachoona. Simu iegemezwe, isishikwe mkononi. Dirisha liwe mbele yenu, likiwa mgongoni nyuso zitakuwa giza. Hakikisheni bando, chaji, na kwamba mashine ya kusaga ya jirani haingurumi. Sampuli ya mazao iwe karibu. Kubalianeni na mnunuzi mapema: mtandao ukikatika, nani atapiga tena?

Haya yote yanataka jioni mbili au tatu na hayataki hata shilingi ya mshauri. Kikundi kinachosema hakina muda wa mazoezi kijiulize kama kina muda wa kusubiri awamu nyingine ya mikopo, huku mbegu na mbolea vikipanda bei.

Mliokwisha kupata barua ya kuitwa, anzeni leo jioni. Mbishi mnamjua anapoishi.