Wanaificha Penzance, nani ataivuta?

KAULI YA WIKI
Na Perpetua Kasanda

Kwenye kisiwa cha Jersey, katikati ya Uingereza na Ufaransa, ipo kampuni ya familia iitwayo J.F. Germain & Son. Imekuwa kwenye biashara ya tumbaku tangu mwaka 1820. Kiwanda chake ni kidogo na kinachotoka humo ni kidogo. Mojawapo ya tumbaku zake za kiko ni Penzance, iliyopewa jina la mji wa pwani ya Cornwall na kuuzwa Marekani kwa nembo ya Esoterica. Ndani yake mna majani ya Virginia, ya Uturuki na Latakia ya Saiprasi, yaliyochanganywa kwa mkono, yakashindiliwa mpaka yakashikana, kisha yakakatwa vipande bapa vinene. Mvutaji huchukua kipande kimoja, akakifikicha viganjani mpaka kichambuke, ndipo anapokijaza kikoni.

Shehena ya Penzance ikifika Marekani, maduka ya mtandaoni huimaliza kwa dakika chache. Halafu makopo na mifuko ile ile huanza kuonekana kwa watu binafsi, bei imepanda mara tatu, mara nne, hata zaidi. Na sehemu kubwa haionekani kabisa. Imeingia kabatini na huko itakaa.

Sivuti, na simshauri mtu yeyote avute. Saratani za kinywa na koo zinazowapata wavutaji wa kiko zinajulikana. Lakini nimezaliwa Urambo, Tabora, katika nyumba iliyolishwa na kusomeshwa kwa tumbaku, na linanigusa jambo hili la watu kulifanya jani lililolimwa kwa jasho kuwa cheo cha kuwekwa rafuni.

Sisi tuliopanga foleni za sukari na sabuni mwanzoni mwa miaka ya 1980 tunamjua mlanguzi. Yule alificha gunia kwa sababu alijua una shida nalo. Mlimbikizaji wa tumbaku adimu ni mtu wa aina nyingine. Wengi wao hawauzi. Wanachotaka ni kuwa nacho kile ambacho wenzao wamekikosa, na wenzao wajue hivyo. Makopo hupangwa kwa jina na kwa mwaka, yakapigwa picha, yakaonyeshwa. Mwenye mengi ya zamani ndiye anayesikilizwa wavutaji wakikutana, hata kama hajayafungua na hawezi kukuambia yana ladha gani.

Thorstein Veblen, katika The Theory of the Leisure Class ya mwaka 1899, alieleza jinsi wenye nafasi wanavyotumia vitu vya ghali ili watu wauone uwezo wao. Vileo vya gharama alivitaja waziwazi. Hata hivyo matajiri wa Veblen walitumia kweli: divai ilinywewa, sigara ikaungua, kesho yake vikanunuliwa vingine na aliyevitengeneza akalipwa tena. Hawa wa leo wamekwenda mbele zaidi. Kwao kutumia ni hasara, maana kopo likifunguliwa limeshuka thamani.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote, kwa maoni yangu, ni wa Dunhill. Alfred Dunhill alifungua duka lake la tumbaku mtaa wa Duke, London, mwaka 1907. Mteja aliingia, akaeleza anachokipenda, akachanganyiwa tumbaku yake, na vipimo vya mchanganyiko ule vikaandikwa kwenye daftari kwa namba ili akirudi apate ile ile. Ilikuwa biashara ya watu wenye fedha, na bila shaka wapo waliojisifia namba zao. Ila tumbaku ile ilichanganywa ili ivutwe na mtu huyo, na ilipomwishia alirudi dukani.

Zaidi ya miaka 100 baadaye ikatangazwa kwamba jina la Dunhill linaondolewa kwenye tumbaku ya kiko. Watu wakakimbilia madukani na kubeba walichokikuta. Mwaka 2019 michanganyiko hiyo, Early Morning Pipe, Nightcap na ndugu zake, ikarudi sokoni kwa jina la Peterson, kampuni ya viko ya Dublin. Iliendelea kutengenezwa Denmark, kule kule ilikokuwa ikitengenezwa miaka ya mwisho ya Dunhill. Leo mvutaji anaweza kuagiza Nightcap kwa bei ya kawaida. Pamoja na hayo, kopo la Denmark lenye kibandiko cha Dunhill bado linatafutwa na kulipiwa zaidi. Wajuzi watanikumbusha kwamba Dunhill za kale, za London na baadaye za Murray's wa Belfast, zilikuwa tumbaku nyingine kabisa. Hizo naziacha. Nazungumzia makopo ya juzijuzi, ambayo mnunuzi wake analipia herufi saba zilizochapwa juu ya kifuniko.

Msimu huo huo wa kugombania Dunhill kulikuwa na msiba mwingine. McClelland ya Kansas City, iliyoanzishwa mwaka 1977, ilitangaza mapema mwaka 2018 kwamba inafunga. Sababu kubwa iliyoitoa ni kwamba haikuweza tena kupata majani ya Virginia ya ubora iliouzoea. Rafu zikasafishwa mara moja. Kampuni hiyo ilikuwa na tumbaku iitwayo Christmas Cheer, iliyotolewa kila mwaka ikiwa imeandikwa mwaka wake kwenye kopo. Unaweza kufikiri mwenyewe hilo linamfanya nini mkusanyaji: akikosa kopo la mwaka mmoja, seti yake ina pengo, na pengo hilo atalilipia. Kampuni ilifungwa kwa kukosa jani zuri. Fedha nyingi zinazozunguka sasa juu ya makopo yake zinapita mikononi mwa watu wasiolima, wasiokausha na wasiochanganya. Hakuna hata dola moja kati yake inayorudi shambani kumshawishi mkulima apande lile jani lililokosekana.

Wapo wenye hoja ya haki. Mwaka 2016 serikali ya Marekani iliiweka tumbaku ya kiko chini ya mamlaka yake ya chakula na dawa, FDA, na bidhaa ambazo hazikuwepo sokoni kufikia tarehe 15 Februari 2007 zikatakiwa kuombewa kibali. Wavutaji waliogopa kwamba michanganyiko yao itapotea, wakaweka akiba. Mzee anayehofia kodi na kanuni, akaweka tumbaku ya kumtosha uzeeni, simlaumu.

Lakini tupige hesabu. Kiko hujazwa gramu 2 hadi 3. Anayevuta viko viwili kwa siku anahitaji gramu 5 hivi, yaani kilo 1.8 kwa mwaka. Wapo wanaotaja akiba zao kwa ratili 100. Hizo ni kilo 45, tumbaku ya miaka 25. Mtu wa miaka 65 mwenye ratili 200 anaweka akiba kwa ajili ya nani? Atakapofariki, makopo yatauzwa na warithi, mara nyingi kwa walimbikizaji wengine, na yataanza safari ya kabati jipya.

Watajitetea kwamba tumbaku huwa nzuri ikizeeka. Ni kweli kwa baadhi. Virginia ina sukari nyingi, na ikikaa miaka ndani ya kopo lisilopitisha hewa hutulia, ukali ukapungua. Latakia ni habari nyingine. Jina lake linatokana na bandari ya Latakia nchini Syria, na sifa yake yote ni moshi: majani hutundikwa juu ya moto wa miti yenye harufu mpaka yanakuwa meusi. Moshi huo hufifia kadiri miaka inavyokwenda. Penzance inapendwa kwa sababu ya Latakia, kwa hiyo anayeifungia miaka 20 anaiacha ipoteze kitu kile kilichomfanya aigombanie. Na kopo lenyewe ni bati. Unyevu wa tumbaku hulila kwa ndani, kutu ikatoboa, hewa ikaingia. Makopo ya mraba ya Samuel Gawith wa Kendal yana sifa mbaya ya kuachia muhuri. Mtu analifungua akiwa na miaka yake kumi ya kungoja, anakuta vumbi kavu.

Nirudi kidogo nyumbani. Tumbaku ya Tabora ni ya mvuke, Virginia, na nyingi huishia kwenye sigara. Kusini, Ruvuma, hulimwa ya moshi. Nimeona jani linavyochambuliwa: mama yangu akiwa amekaa mkekani na rundo mbele yake, la rangi ya limau huku, la rangi ya chungwa kule, lililopasuka pembeni, vidole vimeganda utomvu mweusi usiotoka kwa sabuni. Daraja moja likiingiliwa na jingine, mtumba mzima ungeshushwa sokoni. Kabla ya hapo kulikuwa na kitalu, matuta, kukata vikonyo, kukesha bani la kukaushia likiwaka. Katika misimu ya karibuni bei ya wastani ya mkulima imekuwa dola mbili na ushee kwa kilo. Kwa bei hiyo, jani la kujaza kopo la gramu 57 halifiki hata senti 15 za dola. Simdai mlimbikizaji wa Ohio alipe deni la Urambo. Ninachosema ni kwamba fedha ipo, tena watu wako tayari kuitoa, na yote inalipia nafasi ya mtu kati ya wenzake.

Wanaopenda tumbaku hii kwa dhati nimeona wanavyotenda. Kila mwaka wavutaji hukusanyika kwenye maonyesho makubwa ya viko karibu na Chicago. Kuna desturi pale ya mtu kuja na kopo la zamani, akalifungua mezani mbele ya wote na kusema chukueni mjaze. Kijana aliyeanza juzi anajaza pamoja na mkongwe. Mwenye kopo anaondoka mikono mitupu na kila mtu anamjua jina. Wazee wa kwetu walipitishiana kopo la ugoro hivyo hivyo, na aliyelifunika haraka alisemwa.

Siwategemei walimbikizaji wabadilike kwa kusemwa, kwa hiyo kazi iwaangukie wauzaji. Maduka mengi yameweka kikomo cha makopo mawili au matatu kwa mteja. Ni hatua nzuri lakini haitoshi, kwa sababu mwenye kompyuta tatu na ndugu wanne anaipita. Wangeweza kupiga kura ya bahati kati ya waliojiandikisha badala ya kushindanisha watu kwa kasi ya vidole. Bora zaidi, tumbaku inayogombaniwa ingeuzwa ya kupima tu, kwenye mfuko wa kawaida usio na muhuri wala mwaka, kama Gawith Hoggarth wa Kendal walivyouza tumbaku nyingi kwa muda mrefu. Mwenye kutaka kuihifadhi ataihamishia kwenye chupa yake ya kioo na itakaa vizuri. Ila mtu baki hatakuwa na namna ya kujua kilichomo ni kitu gani na ni cha mwaka gani, wala hatakubali kukilipia mara nne. Anayetaka kuvuta hatapoteza chochote katika mpango huo, na Germain wa Jersey watauza kiasi kile kile kwa bei ile ile.