Shaaban Tumtafute Herufi Gani?

Jamani, tuache kidogo kuwalilia wachapishaji. Kitabu kikishatoka, nani atakiona? Juzi nimeingia maktaba moja hapa mjini kutafuta diwani ya mzee mmoja wa pwani. Nikaandika jina lake kama lilivyo kwenye jalada: hakuna. Nikaandika la baba yake: vitabu viwili. Nikajaribu kuanzia "bin": kingine hicho, peke yake kama yatima. Mtu mmoja, milango mitatu!

Utasikia eti ndiyo sheria ya kimataifa, imeletwa na Wazungu, tufanyeje. Uongo mtupu. Oktoba 1961 wajumbe wa nchi 53 walikutana Paris chini ya IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, wakakubaliana misingi ya kuorodhesha vitabu. Kuhusu jina la mwandishi walisema: lianze kwa neno linalokubalika kwa desturi ya nchi yake, ikishindikana, kwa desturi ya lugha anayoitumia. Kweli, Tanganyika ilikuwa imebakiza kama miezi miwili kupata uhuru. Lakini mlango uliachwa wazi, na wenzetu wakaingia. Watu wa Iceland, wasiofika laki nne, huorodheshwa kwa jina la mtu mwenyewe, maana la pili linasema tu ni mwana wa nani. Wamalay vilevile, na "bin" zao.

Na sisi? Shaaban bin Robert: huyo Robert si ni babake? Desturi yetu ni ipi hasa? Hapo ndipo tunapoumbuka. Mwandishi leo kajiandika J. Hamisi, kesho Juma Hamisi, keshokutwa kachomeka "bin". Mhariri anakata, mchapaji anageuza, mkutubi anabahatisha. Halafu lawama ziende Paris!

(Namba za Dewey ni ugomvi mwingine. Fasihi ya Kiingereza ina 820 nzima. Yetu imebanwa kwenye 896.392. Tutaurudia.)

Misingi ile iliandikwa upya 2009, na juu kabisa yakawekwa manufaa ya mtumiaji wa katalogi. Ndiye wewe huyo, uliyetoka maktaba mikono mitupu. Basi waandishi, wachapishaji na wakutubi wakae hata siku moja, waseme lipi litangulie. Mimi nasema la mtu mwenyewe. Unayepinga, kalamu unayo. Na wewe unayeleta shairi lako la kwanza humu, amua leo unaitwa nani, kisha usibadilishe.